Bibi Katharine Cook wa Mengo, Mwalimu wa Wakunga



Kila mwaka tarehe 2 Februari Kanisa huadhimisha siku ambayo Bwana Yesu alipelekwa Hekaluni. Wahubiri wetu hutueleza habari za mzee Simeoni na nabii Ana, na ni vema. Lakini mwinjili Luka anaanza habari hiyo kwa kutaja kwamba siku za kutakasika zilikuwa zimetimia, yaani, kwa Torati ya Musa, siku arobaini tangu kuzaliwa mtoto wa kiume. Mariamu alikuwa amezivuka siku hizo akiwa mzima. Raheli hakuzivuka. Alimzaa Benyamini njiani, karibu na Efrathi, akafa, akazikwa huko huko. Hata Kitabu cha Sala kina ibada fupi ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya mwanamke aliyejifungua, nayo haifichi kwamba mama huyo ametoka katika hatari kubwa.

Leo nawaletea maisha ya mwanamke wa Kanisa letu la Anglikana aliyekaa Afrika Mashariki miaka 41, na ambaye sehemu kubwa ya miaka hiyo aliitumia kufundisha wasichana wa Kiafrika kuwaangalia wazazi wakati wa kuzaa na baada ya kuzaa. Jina lake ni Katharine Cook. Watu wengi wanamjua zaidi mume wake, Daktari Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo huko Uganda. Kwa maoni yangu kazi ya mkewe haikuwa ndogo kuliko ya mumewe, ila haikuandikwa sana.

Alizaliwa Uingereza, na jina lake la usichana lilikuwa Katharine Timpson. Alisomea uuguzi katika hospitali ya Guy's, mjini London, kisha akajitoa kwa Church Missionary Society. Chama hiki sisi wa Dayosisi ya Morogoro tunakifahamu kwa herufi zake tatu, CMS, kwa kuwa ndicho kilichofungua misheni za Mpwapwa na Mamboya katika karne ya kumi na tisa, na sisi ni wajukuu wa misheni hizo. Kwa hiyo Bibi Cook na wazee wetu wa imani walikuwa wa nyumba moja.

Mwishoni mwa mwaka 1896 kundi la wamisionari liliondoka Mombasa kuelekea Uganda. Reli ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kujengwa mwaka huo, basi safari ile ya zaidi ya kilomita 1,000 waliifanya kwa miguu pamoja na wapagazi wao, wakapita nyika na milima. Katika kundi hilo alikuwamo Katharine, naye Daktari Albert Ruskin Cook, kijana aliyezaliwa mwaka 1870 na kusomea udaktari Cambridge na katika hospitali ya St Bartholomew's. Walifika Mengo mwezi wa Februari 1897, na mwezi huo huo kazi ya hospitali ikaanza. Jengo la kwanza lilikuwa la matete na nyasi. Katharine ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi. Mwaka 1900 wakaoana.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya taabu nyingi. Mwaka 1901 Daktari Cook pamoja na ndugu yake, Daktari Jack Cook, ndio waliotambua wagonjwa wa kwanza wa malale katika Uganda, na ugonjwa huo ukaja kuua watu wengi mno kando ya Ziwa. Mwaka 1902 radi iliipiga hospitali ikateketea. Wakajenga upya, na hospitali mpya ikafunguliwa mwaka 1904. Tena ilipokuja vita ya 1914 hadi 1918, ile iliyopiganwa mpaka hapa kwetu Morogoro, Mengo ikafanywa hospitali ya kupokea majeruhi na wapagazi wagonjwa.

Katika shughuli zote hizo Bibi Cook aliliona jambo moja ambalo hospitali haikuweza kulimaliza. Wanawake wengi walikuwa wakizaa nyumbani, mbali na Mengo. Aliyefika hospitali mara nyingi alifika amechelewa, na wengine hawakufika kabisa. Hata kama daktari angekuwa hodari namna gani, hangeweza kukaa katika kila kijiji cha Buganda akingoja mama aumwe. Ilibidi awepo mtu wa pale pale, anayejua lugha ya watu na aliyezoea nyumba zao, na ambaye angeweza kuona hatari mapema na kusema kwamba sasa mgonjwa apelekwe.

Hapa nisifiche upande mwingine wa habari hii. Madaktari wa serikali na wa misheni wa wakati ule waliamini kwamba watoto wa Uganda wanakufa hasa kwa sababu ya kaswende, na tangu mwaka 1908 ilifanyika kampeni kubwa juu ya ugonjwa huo. Katika kampeni hiyo waliwalaumu mno Waganda kwa tabia zao, na maneno mengine yaliyoandikwa ni makali kuyasoma. Baadaye madaktari wengine walipochunguza upya waliona kwamba sehemu ya magonjwa yaliyoitwa kaswende huenda yalikuwa ya jamii ya buba, ambayo mtoto hupata kwa kugusana na wenzake bila dhambi ya mtu yeyote. Akina Cook hawakuwa nje ya makosa ya watu wa kizazi chao. Hata hivyo, kutokana na kampeni hiyo yenye kasoro ilitoka shule ya wakunga, ambayo imedumu kuliko ile kampeni.

Mafunzo yalianza kidogo kidogo wakati vita inamalizika, na mwaka 1921 ikafunguliwa shule kamili ya wakunga pale Namirembe, ikaitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana wa Uganda wa wakati huo. Wanafunzi walikuwa wasichana waliojua kusoma na kuandika. Sisi tuliofundisha katika shule tunaweza kufikiri jinsi kazi ile ilivyokuwa ngumu. Hakukuwa na vitabu. Basi Daktari Cook na mkewe wakatunga kitabu cha ukunga kwa lugha ya Kiganda, ili msichana asome mambo ya kazi yake kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake. Mwalimu yeyote atakubali kwamba hilo peke yake lingetosha kumpa mtu sifa.

Ugumu mwingine ulikuwa kwa watu. Ilikuwa ajabu kwa wengi kumwona msichana ambaye hajazaa akimwelekeza mwanamke mwenye watoto watano. Tena msichana huyo alipelekwa kituoni mbali na kwao, akakae huko na kuheshimiwa na watu asiowajua. Bibi Cook aliwaangalia wakunga hao kama binti zake. Alikuwa msimamizi wao na mkaguzi wa vituo vyao, akiwazungukia mashambani walikotumwa.

Je, walifundishwa kuangalia nini? Ili tuelewe, yatupasa tukumbuke hali ya udaktari wa siku hizo. Leo mama akipata homa baada ya kuzaa, tunajua kuna dawa. Wakati Bibi Cook anafungua shule yake dawa ya kuua vijidudu vya homa hiyo ndani ya damu haikuwapo mahali popote duniani. Homa ya uzazi ilikuwa ikiua wanawake London na Paris sawasawa na Kampala. Mnamo mwaka 1847 Daktari Semmelweis wa Vienna alikuwa ameonyesha kwamba madaktari wenyewe ndio waliokuwa wakipeleka homa hiyo kwa wazazi kwa mikono yao iliyotoka kupasua maiti. Katika wodi yake, mwezi wa Aprili mwaka huo, walikufa wazazi zaidi ya 18 katika kila 100. Baada ya kuwaamuru wote wanawe mikono kwa maji ya dawa ya klorini, mwezi wa Juni walikufa chini ya 3 katika 100. Wenzake walimbeza, akafa mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Lakini neno lake lilishinda, na wauguzi wa kizazi cha Katharine Timpson walilelewa katika usafi huo tangu siku ya kwanza ya mafunzo.

Pamoja na usafi kulikuwa na kuangalia. Uingereza ilipitisha sheria ya wakunga mwaka 1902, na kanuni zilizotungwa chini yake zilimtaka mkunga asimwache mzazi mara mtoto anapotoka. Alipaswa kumwangalia kwa siku 10, apime joto lake na mapigo ya damu, na amwite daktari upesi akiona alama fulani: kutetemeka kwa baridi pamoja na homa, tumbo kuvimba na kuuma likiguswa, uchafu wa uzazi wenye harufu mbaya, damu kuanza kutoka upya, matiti kuvimba isivyo kawaida, au mguu mmoja kuvimba. Hiyo ndiyo desturi ya ukunga ya kwao Bibi Cook. Mkunga wa kijijini hakuwa na dawa ya kuponya mambo hayo. Silaha yake ilikuwa macho yake, mikono yake safi, na ujasiri wa kusema mapema.

Nimekaa kidogo kwenye habari hizo kwa sababu alama hizo hazijabadilika hata moja. Dawa tunazo. Wanaozijua alama nyumbani ndio wachache.

Tuangalie hapa petu Kihonda. Binti akijifungua salama hukaa kituoni siku moja au mbili, kisha anarudi kwenye chumba cha kupanga. Mama yake mzazi yuko Matombo, Mgeta au Kinole, na pengine mvua za masika zimeharibu njia ya kushukia mjini. Anayemwangalia ni jirani, au wifi, au mumewe anayetoka kazini jioni. Hao ndio mkunga wa siku zile 10, wapende wasipende.

La kwanza ni damu, kwa kuwa ndiyo inayoua upesi kuliko yote, na hatari yake kubwa iko katika saa 24 za kwanza. Wako wazee wetu wanaosema kwamba damu nyingi baada ya kuzaa ni damu chafu, iachwe itoke mpaka iishe. Heshima yangu kwa wazee hainizuii kusema kwamba neno hili limezika watu. Damu ya kawaida hupungua siku hata siku na kubadilika rangi. Mzazi akilowesha kitambaa kizima ndani ya saa moja, au akitoa mabonge makubwa, au damu iliyokuwa imepungua ikirudi kwa nguvu hata baada ya wiki mbili, au akiona kizunguzungu na mikono ikawa ya baridi, hapo hakuna kungoja kupambazuke. Hata wataalamu wameona kwamba jicho la mtu hukadiria damu kidogo kuliko ile iliyomwagika. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali zipatazo 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu. Wakunga walipewa mfuko wa kukinga na kupimia damu, na kufundishwa kutoa matibabu yote kwa pamoja mara damu inapozidi kiasi. Akina mama waliopata madhara makubwa ya kutoka damu walipungua kwa asilimia 60. Ni kazi ile ile ya Namirembe ya kuona mapema, ila sasa kipimo kipo.

La pili ni homa. Huja mara nyingi siku ya tatu na kuendelea, wakati wageni wameshakuja kumwona mtoto na kila mtu ametulia. Mama anatetemeka, tumbo la chini linauma, na uchafu wake unanuka. Hapa kwetu jambo hili lina adui mmoja, nalo ni neno chango. Tumbo la mzazi likiuma, mara moja anaambiwa ni chango, anachemshiwa mizizi, anakandwa kwa maji ya moto. Ni kweli kwamba tumbo huuma kidogo mji wa mimba unaporudi mahali pake, hasa mtoto anaponyonya. Lakini chango lenye homa na harufu si chango. Tena homa isidhaniwe tu kuwa ni malaria na kununuliwa dawa dukani. Apimwe, na mpimaji aambiwe kwamba huyu amezaa juzi.

La tatu ndilo linalowapotosha hata Wakristo wazuri. Ni kifafa cha mimba. Wengi wanadhani mtoto akishatoka hatari hiyo imekwisha. Sivyo. Kinaweza kumshika mama baada ya kuzaa, zaidi katika siku mbili za kwanza, na pengine hata wiki kadhaa baadaye. Kabla hakijamwangusha hutoa taarifa: kichwa kinauma sana na hakisikii dawa, macho yanaona vimulimuli au ukungu, uso na mikono vinavimba, tumbo la juu chini ya mbavu linauma. Mtu wa namna hiyo akianguka na kukakamaa watu husema ni pepo au amerogwa, wakaanza kumtafutia mwombaji au mganga. Kasisi aombe, ni kazi yake, lakini aombe huku gari linakwenda. Hospitalini kuna sindano ya kuzuia degedege hilo, na kila robo saa ina thamani.

Yako mengine nitayataja kwa ufupi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma nyuma ya ndama, au mama akishindwa kupumua na kifua kikamchoma, ni damu iliyoganda. Asikandwe mguu huo, apelekwe. Titi likiwa jekundu, la moto na gumu pamoja na homa, linatibika, wala mtoto asiachishwe bila ushauri. Mama anayevuja mkojo bila kuweza kuuzuia asijifiche kwa aibu, maana fistula inatibiwa. Na mama ambaye halali hata mtoto akilala, anayelia kutwa, asiyetaka kumtazama mwanawe, au anayesema afadhali afe, huyo ni mgonjwa kama yule mwenye homa. Asikemewe kwamba hana shukrani kwa Mungu. Asiachwe peke yake, na apelekwe kwa daktari.

Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto waangaliwe katika saa 24 za kwanza, kisha siku ya pili au ya tatu, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya sita. Wengi wetu humpeleka mtoto kwa chanjo na kumsahau mama aliyembeba. Mama akifika kliniki naye aseme habari zake.

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Ni shukrani kubwa. Waliosalia katika hesabu hiyo ya 104 wana majina nyumbani kwao, na wengi wao hufa kwa haya haya niliyoyataja. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko hapa mjini, na kwa ndugu zetu wa upande wa Kilosa iko Berega, hospitali ya Kanisa letu. Kwa mtu wa Kihonda umbali ni mdogo kuliko ule wa Mganda wa mwaka 1921. Kinachotuchelewesha zaidi ni kujadiliana mlangoni: nani atoe nauli, mume hayupo, mjomba hajapigiwa simu.

Tumalizie habari za Bibi Cook. Mwaka 1931 mafunzo ya wauguzi yaliongezwa juu ya yale ya ukunga. Mwaka 1932 mume wake alipewa cheo cha Sir, naye akaitwa Lady Cook, ingawa kazi yake ilikuwa ile ile. Kati ya mwaka 1935 na 1936 dawa za kwanza za kupambana na homa ya uzazi zilijaribiwa Ulaya, na vifo vikaanza kushuka kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana. Alikuwa amewafundisha wakunga wake kwa miaka mingi bila dawa hizo. Alifariki mwaka 1938.

Sir Albert aliishi miaka mingine 13. Alichapisha kitabu cha kumbukumbu zake za Uganda mwaka 1945, akafariki mwaka 1951, akazikwa Namirembe. Hospitali ya Mengo ingalipo juu ya kilima kile kile, na shule yake ingali inatoa wauguzi na wakunga.